Mama wa Tengeru Niliyemkuta Wisbech

Wanafunzi wa Kiafrika tuliosoma Moscow miaka ya 1980 tulikuwa na kalenda yetu. Mitihani ilikwisha mwishoni mwa Juni, masomo yakaanza tena tarehe 1 Septemba, na miezi miwili iliyobaki katikati kila mmoja aliipangia mapema. Waliopata nauli ya ndege walirudi nyumbani. Wengine waliingia kwenye vikosi vya wanafunzi vya ujenzi, wakapelekwa mbali kujenga mabanda ya ng'ombe na kuchanganya zege. Na wengine wetu, tuliokuwa na pasi za nchi za Jumuiya ya Madola, tulipanda treni kwenda magharibi kutafuta vibarua.

Posho yetu ilikuwa rubli 90 kwa mwezi. Ilitosha chakula, vitabu na tramu, lakini rubli haikuwa na thamani nje ya Umoja wa Kisovyeti, na nyumbani Tanzania ile ilikuwa miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya sabuni, sukari na kitenge. Pauni za wiki chache za shambani ziliweza kumvalisha mdogo wangu sare ya shule na kumpatia baba tairi za baiskeli. Kiangazi cha 1986 nilipata barua kutoka kambi moja ya wavunaji karibu na mji wa Wisbech, mashariki mwa Uingereza. Tangu kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili, serikali ya huko ilikuwa na mpango wa kuingiza wanafunzi wa kigeni kuvuna matunda, na mimi nikawa mmoja wao.

Treni iliondoka stesheni ya Belorussky. Tulipofika Brest, mpakani mwa Poland, mabehewa yaliinuliwa kwa jeki, abiria tukiwa ndani, ili yabadilishwe magurudumu. Reli ya Kisovyeti ilikuwa na upana wa milimita 1,520, na ya Ulaya 1,435. Nilikuwa nasomea uhandisi wa umwagiliaji, na sikubanduka dirishani mpaka kazi ile ilipokwisha. Tukapita Warsaw, tukavuka Berlin kutoka upande mmoja wa ukuta hadi wa pili huku askari wakikagua chini ya mabehewa wakiwa na mbwa, na usiku mwingine tukapanda feri Hoek van Holland. Alfajiri tukawa Harwich. Ofisa wa uhamiaji aliisoma barua ya kambi mara mbili, akagonga muhuri. Nikabadilisha treni Ely, nikashuka kituo cha March, gari la kambi likanichukua.

Nchi ile ni tambarare kuliko mahali popote nilipowahi kuona. Wenyewe huiita Fens. Hadi karne ya 17 ilikuwa kinamasi, mpaka Mholanzi Cornelius Vermuyden alipoajiriwa kuchimba mifereji ya kuyatoa maji. Maji yalipotoka, udongo mweusi wa mboji ulikauka ukanywea, ardhi ikashuka, na leo kuna mashamba yaliyo chini ya usawa wa bahari. Mito inapita juu ya mashamba, imebanwa na matuta pande zote mbili, na maji ya mvua lazima yasukumwe kwa pampu kupanda mtoni. Mimi ni Mmeru. Kwetu maji hushuka mlimani yenyewe, mfereji kwa mfereji, hadi mgombani. Jioni baada ya kazi nilikuwa nakwenda kwenye nyumba ya pampu iliyokuwa kando ya kambi. Mzee aliyeilinda alinikuta nikichungulia dirishani. Alinifungulia mlango, akaniwashia taa, akanionyesha kila vali, na tangu siku hiyo alinitilia chai kila nilipopita. Sijawahi kuwa na mwalimu wa pampu aliye bora kuliko yule.

Kambini tulilala kwenye mabanda marefu ya mbao, vitanda vya juu na chini. Walikuwapo Wahispania, Waturuki, Waaljeria, na kundi kubwa la Wapolandi. Tulianza na stroberi za mwisho wa msimu. Malipo yalikuwa kwa kipimo: ukijaza trei unaipeleka mizani, msimamizi anatoboa kadi yako, na jioni ya Ijumaa matundu yale yanageuka pesa. Siku za kwanza mgongo wangu ulikataa kunyooka. Aliyeniokoa ni kijana wa Gdańsk aliyelala kitanda cha chini yangu. Alinifundisha kuchuma kwa mikono yote miwili, kukata kikonyo kwa ukucha badala ya kuvuta, na kupiga goti moja ili mgongo upumzike. Shuleni kwao alikuwa amelazimishwa kusoma Kirusi, na hakukipenda hata kidogo. Lakini Kiingereza chake kilikuwa haba, na mimi Kipolandi sikujua, kwa hiyo taa zikizimwa tulizungumza Kirusi kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie. Alinieleza habari za viwanda vya meli vya kwao, migomo ya 1980 na usiku wa Desemba 1981 vifaru vilipoingia mitaani. Moscow mambo hayo tuliyasikia kwa namna nyingine kabisa.

Agosti tulihamia kwenye plamu. Plamu zikiiva huita nyigu, nao hujificha ndani ya tunda lililopasuka. Nilikuwa juu ya ngazi, mkono umezama majanini, nyigu akanichoma kando ya kidole gumba. Nikapiga kelele, "Mama wee!"

Upande wa pili wa mti sauti ya kike ikanijibu: "Pole, bwana! Dudu nauma wewe?"

Nilishuka. Alikuwa mama wa makamo, kitambaa kichwani, aproni yenye mfuko wa penseli na kadi. Nilimjua kwa sura, maana ndiye aliyesimamia banda la kufungashia, na wote tulimwogopa kwa jinsi alivyokuwa mkali kwa plamu zilizobonyea. Aliushika mkono wangu, akaukamua pale palipochomwa, akaniambia niende bandani nikapake siki. Mimi nilikuwa bado namkodolea macho. Sikujua la kusema isipokuwa lile ambalo mtoto wa kwetu humwambia mtu mzima: "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu papo hapo. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, kwani tangu 1948 hakuwa amelitamka neno hilo kwa mtu yeyote.

"Wewe toka wapi?"

"Tanzania, mama. Arusha."

"Arusha wapi?"

"Meru. Akheri."

Akanyoosha mkono katikati ya miti ya plamu kama anayeelekeza mgeni njia. "Mimi kaa Tengeru. Hapa kanisa, hapa soko. Juu, juu, juu, Akheri!"

Nilikulia mwendo wa miguu kutoka Tengeru. Jumatano na Jumamosi mama yangu alikwenda gulioni pale na ndizi zake, nami nikabeba mkungu mdogo. Makaburi ya Wazungu yaliyo kule chini niliyajua, na maneno "kambi ya Wapolandi" niliyasikia kwa wazee, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kutueleza watu wale walikuwa nani, walitokea wapi, na kwa nini walizikwa kwetu. Nililazimika kufika Wisbech ndipo nikaelezwa.

Siku ile hatukufika mbali. Aliniuliza nasoma wapi nikamwambia Moscow. Akanitazama kwa muda, akachukua penseli yake, akarudi bandani. Siku zilizofuata alinipa salamu ya kichwa tu, na trei zangu alizikagua kama za wengine.

Kisha mchana mmoja wakati wa chakula alikuja na kikapu chake, akaketi kwenye kreti mbele yangu, akaanza kusema Kirusi. Kilikuwa Kirusi cha kijijini, cha watu wa shambani, kisicho na kosa. "Nilijifunza nikiwa na miaka sita," alisema. "Sikutaka wewe uwe mtu wa kwanza kunisikia nakisema tena. Lakini nimefikiri, ni nani mwingine nitakayemweleza, anayejua pande zote mbili?"

Baba yake alikuwa mwalimu, na pia ofisa wa akiba wa jeshi, katika mji mdogo wa mashariki mwa Poland. Septemba 1939 Ujerumani iliivamia nchi yao kutoka magharibi na Umoja wa Kisovyeti kutoka mashariki, na baba akachukuliwa. Majira yale ya baridi zilikuja barua zake chache kutoka kambini. Ilipofika 1940, baridi ilipoanza kupungua, barua zikakatika. Mwezi wa Aprili askari waligonga mlango usiku, wakampa mama nafasi ya kufunga mizigo, wakampakia pamoja na wanawe wawili kwenye behewa la mizigo hadi Kazakhstan, kwenye shamba la ushirika. Huko waliokota masuke yaliyosahaulika, kwa siri, kwa sababu kuokota kulikuwa kosa. Hitler alipoivamia Sovyeti mwaka uliofuata, serikali ya Stalin ilitia sahihi mkataba na serikali ya Wapolandi iliyokuwa London, na wafungwa wakaachiwa. Jenerali Anders akaunda jeshi lake kutokana na watu waliokonda vile. Mwaka 1942 jeshi hilo na familia zilizolifuata walivushwa Bahari ya Kaspi hadi Pahlevi, Iran. Wanaume wakaenda vitani. Wanawake na watoto ilibidi watafutiwe mahali, na wapatao 18,000 wakaletwa Afrika: Masindi na Koja kule Uganda, Ifunda, Kidugala na Kondoa kwetu, Rhodesia pia. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, watu karibu 5,000.

"Tulishuka kwenye lori," aliniambia, "nikaona ndizi. Sikujua ni kitu cha kula. Mwanamke mmoja wa Kimeru akamenya moja, akala nusu mbele yangu ili nione, akanipa nusu." Sehemu hiyo aliisimulia kwa Kiswahili chake. Ndivyo tulivyozoea tangu hapo: Kazakhstan ilikuwa kwa Kirusi, Tengeru kwa Kiswahili.

Nami nilikuwa na langu la kumweleza. Yeye aliipenda serikali ya Kiingereza, maana ndiyo iliyomtoa njaani, ikampa kibanda cha duara chenye paa la majani, shule na daktari, halafu ikampa nchi ya kuishi. Nilimsimulia Engare Nanyuki. Novemba 1951, miaka mitatu baada ya yeye kuondoka, serikali ile ile iliwafukuza Wameru elfu kadhaa kwenye ardhi yao upande wa pili wa mlima ili wapewe walowezi, ikachoma nyumba na kuswaga mifugo. Shangazi yangu alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa New York kupeleka malalamiko yetu. Yule mama hakuwa amesikia lolote. Aliniuliza kuhusu kila kitu: watoto walilala wapi, waliruhusiwa kuchukua nini, nani aliwapa chakula njiani. Ni mtu aliyetolewa nyumbani kwake tu anayeuliza maswali ya aina hiyo.

Nimeyatafakari mazungumzo yale kwa miaka mingi. Nchi iliyonipa elimu bila senti ndiyo iliyomchukua baba yake. Nchi iliyomwokoa yeye ndiyo iliyomchomea shangazi yangu nyumba. Hakuniomba niichukie Moscow, wala mimi sikumwomba aichukie London. Kwa muda uliobaki tulipeana tu kile ambacho kila mmoja alikuwa nacho na mwenzake amenyimwa. Sidhani ningeyapata hayo kama ningekuwa mgeni wa hotelini. Ilibidi kwanza aone nachumaje plamu.

Jumapili ya mwisho alinialika nyumbani kwake, nyumba ya matofali mekundu nje kidogo ya mji, kabichi na bizari zikiota mpaka mlangoni. Mumewe, askari wa zamani wa Anders aliyepigana Monte Cassino mwaka 1944, alinipokea kwa suti na tai. Hakuzungumza Kirusi nami, na sikutegemea azungumze, lakini alinikatia nyama mwenyewe na kunisogezea sahani. Baada ya kula mama akaleta kisanduku cha bati. Ndani mlikuwa na picha ndogo yenye kingo za mikunjo: safu za vibanda vyeupe vya duara, migomba, na nyuma yake Mlima Meru bila wingu. Mbele ya kibanda kimojawapo alisimama yeye, nywele zimesukwa mikia miwili, na mvulana mfupi kuliko yeye ameshika kuku.

"Mdogo wangu," alisema. Alivumilia Kazakhstan, akavumilia Kaspi, malaria ikamchukua Tengeru mwaka 1944. Mwaka 1948 mama yao aliondoka kumfuata kaka yake, aliyekuwa askari na amepewa makazi Uingereza, na kaburi likabaki. Aliandika jina la mtoto kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, akaziweka vizuri nukta na mikia ya herufi za Kipolandi ili nisikosee. "Ukifika nyumbani, angalia kama bado yupo."

Nilihitimu na kurudi Tanzania 1989. Baba alikuwa amezeeka lakini bado ana nguvu, na nilipomwonyesha ile karatasi hakushangaa hata kidogo. Mwaka 1942, akiwa kijana ambaye hajaoa, alikuwa amechukuliwa kujenga vile vibanda. Yeye na wenzake walikata fito, wakasuka kuta, wakapiga chokaa. Sijui ningeishi naye miaka mingapi bila kumsikia akilitaja jambo hilo, maana hakuna aliyekuwa amemuuliza. Sasa alizungumza hadi taa ya mafuta ikaanza kufifia. Alisema kilichowashangaza watu wa Meru ni kwamba Wazungu wale walifanya kazi kwa mikono yao. Wanawake wao walibeba maji, walipasua kuni, walifua, walilima bustani. Mpaka hapo Mzungu waliyemjua ni bwana shauri na setla, na yeye huamuru tu. "Tukasema, kumbe na wao wana maskini. Kumbe na wao hufukuzwa."

Tulikwenda makaburini pamoja. Yako karibu 150, ya Wakatoliki, ya Waothodoksi na ya Wayahudi, ndani ya eneo lenye ukuta. Tulitembea mstari kwa mstari, baba akisogeza nyasi kwa fimbo, mimi nikilinganisha herufi na karatasi. Tulimpata karibu na mwisho wa mstari. Msalaba wa zege ulikuwa umesimama, jina linasomeka lote, mwaka wa kuzaliwa umefutika tarakimu ya mwisho. Baba alivua kofia. Niliandika barua usiku ule ule nikaeleza kila kitu: upana wa kaburi, mti uliokuwa jirani, hata ile tarakimu iliyofutika, kwa kuwa nilijua atataka kuijua.

Majibu yalinifikia na pesa ya kumlipa mtu wa kusafisha. Kisha Aprili 1990 nikiwa kwenye mradi wa umwagiliaji, nilisikia redioni kwamba Moscow imekiri. Kwa karibu miaka hamsini ilikuwa imewasingizia Wajerumani. Sasa ilisema kwamba maofisa wa Kipolandi, wale wa Katyn na kwingineko, waliuawa na polisi wa siri wa Stalin mwaka 1940, na ikawakabidhi Wapolandi orodha za majina. Waliouawa kwa amri hiyo walizidi 20,000. Nilizima redio nikatoka nje ya kibanda cha mradi, nikahesabu: barua zilikatika baridi ilipoanza kupungua, familia ikachukuliwa Aprili. Nilimwandikia. Barua yake ilikuja baada ya wiki nyingi, kwa Kirusi mistari mitatu ya kwanza. Jina la baba yake lilikuwamo. Iliyobaki yote ilikuwa kwa Kiswahili chake cha Tengeru, na ilihusu safari aliyotaka kuifanya.

Alikuja 1994, mjane tayari, na mfuko mmoja tu. Kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro alikaa dirishani akiyataja majina ya mito kabla hatujaifikia. Kaburini aliomba abaki peke yake, tukamwacha. Alipotoka alikuwa amejipangusa uso, akasema ana njaa, akataka ndizi za kuchoma na si kitu kingine.

Nyumbani, baba alikuwa akimngoja chini ya mwembe na koti lake la kanisani. Nilidhani itanibidi nitafsiri. Haikunibidi. Kabla chai haijaletwa walikuwa wameshaingia kwenye ubishi kuhusu mahali lilipokuwa tanuri la mikate la kambi. Baba alisema lilikuwa upande wa kanisa. Mama alisema hapana, upande wa hospitali, kwa sababu yeye ndiye aliyetumwa mikate kila asubuhi.

"Mama, mimi nalijenga hilo tanuri!"

"Wewe najenga, mimi nakula. Mimi najua zaidi!"

Baba akainuka, akashika fimbo yake, akasema twende tukaone. Mama akaacha kikombe, akajifunga kitambaa kichwani, wakatangulia wawili hao kuteremka njia ya Tengeru, mmoja akionyesha kushoto na mwingine kulia, nami nikawafuata nyuma na mwavuli, maana wingu lilikuwa limeshaanza kutanda mlimani.